Tyubu Mbili za Shemeji

Ndani ya kiwiko changu cha kushoto kuna mahali pamekuwa pagumu kama sugu ya jembe, na kwa kuwa jembe sijalishika sana maishani, watu wanaonijua hushangaa sugu imetoka wapi. Wajukuu wakiuliza huwa nawaambia niliumwa na simba. Hawaamini. Wanajua mimi ni mtu wa nyumbani, na simba angelazimika kwanza kubisha hodi.

Ni sindano. Kwa miaka yote niliyobaki kazini baada ya jambo nitakalolieleza, kila nilipopima damu ya mgonjwa kuona kama inaganda, nilimwomba nesi anitoboe na mimi, damu yangu ikaingia kwenye tyubu ya pili kando ya ile ya mgonjwa. Wenzangu walisema najipenda, kwamba hata ugonjwa wa mwenzangu siwezi kuuangalia mpaka nijiangalie na mimi. Niliwaacha waseme.

Nilimaliza kidato cha nne miaka michache baada ya Uhuru, wakati kijana mwenye cheti alichagua kazi kama anayechagua samaki mwaloni, mitumbwi inaposhusha. Wenzangu walitaka Dar es Salaam, wengine walitaka kwenda ng'ambo kabisa. Mimi niliuliza swali moja tu: ipi iko karibu na nyumbani? Maabara ya hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumba yangu ya mtaa wa Iringo, nami nikawa mtu wa maabara. Walinipeleka Mwanza kwa mafunzo, nikarudi nimekonda kwa hamu ya nyumbani mpaka mama akadhani nimetoka jela. Kisha nikaoa, nikatulia. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Wenzio wanaume wanaonekana jioni. Wewe saa sita na nusu umeshafika, unachungulia sufuria." Ni kweli. Katika miaka yote ile sikula chakula cha mchana nje ya nyumba yangu ila nilipolazimishwa na msiba.

Nilikuwa na kasoro moja kwa kazi ile: niliogopa sindano. Si ya kumchoma mtu, hiyo niliiweza vizuri sana. Ya kuchomwa mimi.

Kupima damu kama inaganda kulikuwa hivi. Unavuta damu kidogo kwenye mshipa, unaimimina kwenye tyubu safi ya kioo, unaangalia saa. Damu inataka joto la mwili. Tulikuwaga na beseni la umeme la kupashia maji, lakini lilikufa, na kipuri chake kilisubiriwa kutoka ng'ambo tangu kabla sijaoa. Kwa hiyo tyubu unaifumbata kwenye kiganja, unakaa. Dakika ya nne unaiinamisha polepole, na kila dakika baada ya hapo unaiinamisha tena. Damu ya mtu mwenye afya hufika mahali, mara nyingi kabla ya dakika kumi, ikakataa kumwagika. Unageuza tyubu juu chini, nayo imeshika kama uji uliopoa kwenye bakuli. Lakini ikiwa bado inatembea kama chai, mtu huyo hapasuliwi, hang'olewi jino, na anatakiwa kulala kitandani atulie. Viganja vyangu vina joto sana. Daktari wetu alisema ndicho kifaa pekee cha maabara kisichohitaji kipuri.

Miaka ile ya kuhamia vijijini sabuni ya mche iliadimika, tukaletewa boksi la sabuni ya unga. Mimi, kwa kupenda usafi wa watu wa ndani, nikaamua tyubu zangu zing'ae. Nilizisugua kwa unga ule mpaka povu likafika kwenye viwiko. Wiki ile kulikuwa na mzee mmoja, zamani alichimba dhahabu Buhemba, anasubiri kupasuliwa ngiri. Nikampima, damu haikuganda. Nikampima tena kesho yake, haikuganda. Mara mbili akavuliwa nguo za kupasuliwa akarudishwa kitandani, na mara ya pili akawaita wanawe kuwagawia ng'ombe. Siku ya tatu daktari alikunja shati lake mwenyewe akatolewa damu, akanipa tyubu nifumbate. Robo saa ikapita, inatembea.

"Basi na mimi nakufa," alisema daktari. Akachukua tyubu tupu kichanjani, akainusa. "Ulikuwa unafulia nini humu, kanzu?"

Ilikuwa sabuni. Ikibaki kwenye kioo, damu nayo haishiki. Daktari hakunifokea. Alisema tyubu zioshwe kwa maji matupu, zichemshwe, zikauke, basi. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Ukiwa na shaka tena, usikisie. Jaza tyubu nyingine damu ya mtu mwenye afya, uzilinganishe. Mtu mwenyewe si upo wewe?"

"Ndiyo, daktari," nikasema, nikaomba kimoyomoyo nisiwe na shaka tena maishani.

Mzee wa ngiri alipasuliwa akapona, akawanyang'anya wanawe ng'ombe wake. Mimi ndiye sikupona. Kila nilipopita wodini, manesi walibinua midomo wakapuliza mapovu hewani. Mpishi alipuliza. Dereva alipuliza dirishani akiwa anaendesha. Walipuliza masika nzima, na mimi, ambaye nataniwa na kutania tangu nimeanza kusema, utani ule mmoja niliuogopa.

Sasa nimfikie shemeji.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa kinyume changu. Tulizaliwa Butiama, lakini yeye alikwenda kulima pamba upande wa Bunda akaoa hukohuko. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, walibomoa nyumba yao ya zamani, wakabeba milango kichwani, wakaenda kujenga upya kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba. Tangu wahamie sikuwa nimefika. Kila Jumapili nilikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri.

Mke wake ndiye aliyekuwa mtani wangu mkuu. Siku hiyo aliingia maabara bila kubisha, kitambaa kimezungushwa kidoleni.

"Yupo humu yule bwana harusi anayeogopa jua?"

"Shemeji! Umefuata nini mjini, umesikia kanga zimefika?"

"Nimeumwa na nyoka."

Nikacheka. Akacheka na yeye, ndipo nikaona ameshika barua ya zahanati.

"Kweli, shemeji. Jana asubuhi. Nilikuwa nakata fito za jiko, nikashika tawi, kumbe nimemshika yeye. Wa kijani, mwembamba kama mkanda wako huo. Nikamtupa. Hata kuvimba sijavimba. Ila hapa kidoleni panavujavuja tu, hapakauki. Na leo nimepiga mswaki nikatema nyekundu. Yule bwana wa zahanati ana woga kama wako, akaniandikia barua."

Daktari aliisoma barua, akamtazama midomoni, akanivuta pembeni. "Kuna nyoka wa mitini ambao mtu anakaa siku nzima anacheka, na ndani damu imeharibika. Pima. Ikiganda, achomwe ya pepopunda aende zake. Isipoganda analala hapa, nasi tunatafuta watu wa kumtolea damu. Dawa ya nyoka huyo hatuna, lakini akitulia kitandani na kupata damu mpya anaweza kuvuka. Usiniletee habari nusu."

Nikamtoa damu, nikafumbata tyubu, nikakaa. Ilikuwa saa sita kasorobo. Yeye akakaa kwenye stuli mbele yangu.

"Umeifumbata damu yangu hivyo," alisema, "kaka yako akiingia hapa tutamwambia nini?"

"Tutamwambia ni kazi ya serikali."

"Kazi gani hiyo! Umekunja ngumi kama mtu anayetaka kupiga mtu halafu anamwogopa."

Dakika ya nne. Nikainamisha. Ikatembea.

"Na wewe hujaga kwetu. Ungekuja uone, nyumba zimepangwa mistari kama madawati ya shule. Milango yote ina namba. Zamani mbuzi wa jirani walikuwaga kilima cha pili, sasa wako mlango wa pili. Hapa nilipo nimeanika udaga wa muhogo, sijui kama nitaukuta. Sisi ni namba..." Akaitaja. Mimi nilikuwa natazama saa.

"Umeisikia namba?"

"Nimeisikia."

Dakika ya nane inatembea. Ya kumi inatembea. Robo saa, inatembea kama chai. Jasho likaanza kunitoka, na aibu yangu ni kwamba halikuwa jasho la kumhofia yeye. Nilikuwa nimetoka kukaa nyumbani siku mbili kwa malaria, na tyubu aliziosha mama wa usafi, mwanamke mtu mzima aliyefanya kazi pale kabla yangu. Nikajiambia: sabuni. Kichwani niliwaona manesi, nikawaona mpishi na dereva, midomo imeshabinuliwa.

"Shemeji, nikutoe tena kidogo. Tyubu hii naona ina kasoro."

"Toa. Ila ujue basi la Bunda linaondoka saa saba, na udaga wangu hauna mlinzi."

Nikatoa kwenye mkono wa pili. Pale nilipomtoboa kwanza, pamba niliyoiweka ilikuwa imelowa chapachapa. Nikambadilishia, nikamwambia abane mkono. Ile pamba niliiona. Naandika hivi ili isisomwe kwamba sikuiona.

Tyubu ya pili nikaichukua upande mwingine wa kichanja, nikaifumbata. Dakika tano. Dakika nane. Saa sita na robo ilikuwa imepita, na nyumbani samaki furu walikuwa kwenye nyanya, mke wangu alikuwa ameniambia asubuhi. Dakika ya kumi nikainamisha. Damu ikatembea, lakini chini kabisa niliona kiuzi, kitu chembamba kimenata kwenye kioo.

Pale ndipo ningekunja shati. Nesi alikuwa mlango wa pili. Kungekuwa na sindano moja, dakika kumi, ningejua kama kosa ni la kioo au la damu. Nikaitazama sindano, nikatazama saa, nikamtazama shemeji. Alikuwa anatengeneza kilemba chake akijiangalia kwenye kioo cha dirisha. Mtu mwenye afya kabisa.

Nikakiita kile kiuzi bonge. Kwenye fomu nikaandika: inaganda, dakika kumi. Damu ya shemeji haikuganda siku ile. Niliigandisha mimi, kwa kalamu.

Daktari akasoma fomu, akaamini, akamruhusu. Shemeji akachomwa ya pepopunda, akajitwika kifurushi chake.

"Haya, mwoga. Msalimie mke mwenzangu. Mwambie akufungulie mlango siku moja, uje utuone."

Nikaenda nyumbani. Nikala furu. Nikajinyoosha kidogo, kama ilivyokuwa desturi yangu.

Niliporudi saa nane zile tyubu mbili zilikuwa bado kichanjani. Nikazinyanyua. Zote mbili zilitembea, na kiuzi hakikuwapo tena. Mama wa usafi alikuwa anadeki karibu na mlango.

"Mama," nikamwambia, "juzi tyubu uliziosha kwa ile sabuni ya unga?"

Akaegemea ufagio. "Mwanangu, nani anaigusa ile? Tangu uliposema maji matupu, ni maji matupu na kuchemsha. Halafu sabuni yenyewe ningeitoa wapi? Iliisha tangu kabla ya Pasaka."

Nikamwita nesi, nikakunja shati. Alinicheka, alidhani nimerukwa na akili, mtu aliyekimbia chanjo anaomba sindano. Nikachukua tyubu kutoka kichanja kilekile, safu ileile, nikafumbata damu yangu. Dakika ya saba nikaigeuza juu chini, nayo haikudondoka hata tone.

Nikampelekea daktari tyubu tatu. Akazitazama, akaitazama fomu yangu. Alisema, "Niitie dereva."

Basi lilikuwa limeondoka zamani. Landrova ilikuwepo, petroli ilihitaji kibali, na mwenye kusaini kibali alikuwa kikaoni Bunda. Tukaondoka kulipokucha, dereva na mimi, na chupa tupu za kutolea damu zimefungwa kwenye blanketi. Dereva hakupuliza mapovu. Njiani nilijaribu kuikumbuka namba. Nilikumbuka kila dakika ya kipimo kile: ya nne inatembea, ya nane inatembea. Namba haikuja.

Kijiji kilikuwa kama alivyosema, mistari kama madawati, nyumba zote za sura moja, udongo bado mbichi kwenye kuta. Ningepaswa kujua mlango wa kaka yangu hata nimefumba macho. Nilishuka nikawa nasoma milango kama karani wa sensa. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anachota maji: nyumbani kwa kaka yangu ni wapi? Alininyooshea mkono tu. Mwisho wa mstari wa tatu wanaume walikuwa wamekaa chini, na fenicha za nyumba zilikuwa zimetolewa nje.

Namba sikuihitaji tena.

Kaka alinipokea uani. Alinishika mabega akanitazama kama haamini. "Umefikaje mapema hivi, mdogo wangu? Sisi wenyewe hatujatuma mtu. Nani kakupa habari?"

"Nilipata gari," nikasema. Si jibu la swali lake, lakini mtu aliyefiwa hupokea lolote. Nikasikia mtu nyuma akimwambia mwenzake kwamba huyo ndiye ndugu anayefanya kazi hospitali, kaja na gari la serikali kabla hata ya wakwe. Nilipewa kigoda cha mbele.

Alifika salama, kaka alinieleza. Alikuta udaga wake upo, akafurahi, akauanua akautwanga wote. Alisema shemeji yake amempima mara mbili na damu ni nzima. Halafu kichwa kikamuuma, akatapika, na kabla hakujapambazuka ikawa imekwisha.

Kulikuwa na mashauriano kuhusu kaburi. Makaburi ya kijiji yalikuwa yamepimwa kwenye ramani, lakini hakuna aliyekuwa amezikwa pale, na hakuna aliyetaka wa kwake awe wa kwanza. Kaka akasema mke wake atalala kwenye mahame yao, nyumba ya zamani ilipokuwa. Mwenyekiti alikuna kichwa, akasema yeye leo hajaona kitu. Tukambeba. Kuta zilikuwa zimeshaanguka, ila mawe matatu ya jiko lake yalikuwa bado yamekaa kama alivyoyaacha.

Nilikaa mpaka matanga yakaondolewa. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nililala siku nne nje ya kwangu, nikala kila nilichopewa. Siku ya tano kaka akanisindikiza barabarani kungojea basi. Alinibebea begi, ingawa yeye ndiye mkubwa. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia sabuni, pamba, kiuzi, mpaka saa sita na nusu.

Hakuweka begi chini. Tulitembea kidogo.

"Kwa hiyo ulikwenda kula."

"Ndiyo, kaka."

"Ulikula nini?"

"Furu."

Akaendelea kutembea. "Yeye alipofika hakula," alisema. "Alisema atakula akishamaliza kutwanga."

Basi likaja. Akapandisha begi langu mwenyewe, akalisukuma vizuri chini ya kiti lisidondoke. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Usije tena mpaka nikuite."

Jumatatu yake nililetewa mama mmoja wa mtaa wa Buswahili aliyekuwa anatokwa damu baada ya kujifungua. Nikamtoa damu, kisha nikakunja shati langu, nesi akanitoboa, nami nikakaa nimefumba ngumi mbili, yake kulia na yangu kushoto. Dakika ya nane zikaganda zote. Sikuinuka mpaka nilipozigeuza mara tatu.

Kaka aliishi miaka mingi baadaye. Tulikutana misibani kwa watu wengine, tukasalimiana, akaniuliza habari za wajukuu. Mimi niliyekuwa nikitafuta sababu kila Jumapili ya kutokwenda kwake, sikuhitaji kutafuta tena. Hakuniita.